Hakuna Form, Kuna Fomu

Mwezi uliopita nilikuwa matangani karibu na Keroka, ule mji ambao upande mmoja ni Kisii na upande mwingine ni Nyamira, na kaunti mbili zinagombania ushuru wake. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akapewa maikrofoni. Alipomaliza kumsifu marehemu akatugeukia sisi tuliosimama nyuma, karibu na masufuria. "Hawa vijana," akasema, "tuliwapa lugha tatu. Ekegusii, Kiswahili na Kiingereza. Katika zote tatu wamebaki na neno moja tu: form. Asubuhi form ni gani, jioni form ni gani. Na hakuna hata mmoja wao amewahi kuiona hiyo form."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kwa sababu alisema vizuri, na kwa sababu wali ulikuwa bado haujaiva na sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikimjibu kichwani, nikiosha vyombo, nikiwa ndani ya matatu, nikilala. Sasa wacha nimjibu hapa ili nipumzike.

Mwalimu, tuanze na neno lenyewe, kwa sababu najua hutakubali hoja isiyo na msamiati.

Kwa magokoro, yaani nyanya yangu, fomu ni kitu cha kukalia. Ni lile benchi refu la mbao lisilo na mgongo, la kanisani na la shule za zamani. Akisema tulete efomu wageni waketi, hakuna mtu anakimbia kwa chifu. Na magokoro hajakosea. Kamusi za Kiingereza zina hiyo maana mpaka leo. Huko Uingereza wanafunzi waliketishwa kwenye mabenchi kulingana na kiwango chao, na baadaye darasa likachukua jina la benchi. Ndiyo Form One hiyo. Wakoloni walipotuletea shule walituletea na benchi na jina lake, kutoka One mpaka Six, halafu 8-4-4 ikaja 1985 na mwishowe ikakata mbili za juu. Watanzania walitafuta neno lao, wakasema kidato, na wao bado wana cha tano na cha sita. Sisi kwenye vitabu tunaandika kidato na mdomoni tunasema Form, kama kawaida yetu.

Hata hiyo Form inaisha. Dadangu mdogo yuko Form Three mwaka huu. Alifanya KCPE ya 2023, ile ya mwisho kabisa, akaingia Form One 2024, na nyuma yake mlango ukafungwa. Binamu yetu anayemfuata yuko Gredi ya 10. Dadangu na wenzake wakifanya KCSE 2027, hakutakuwa na mtoto mwingine Kenya mwenye kuitwa Form chochote. Wanafunzi hao wanalijua hilo. Wanajiita wa mwisho, kwa maringo kidogo, na kwa woga, kwa sababu wa mwisho akirudia darasa atarudia na nani?

Kuna ya mpira pia, ambayo sitakaa nayo sana. Shabana walirudi ligi kuu 2023 baada ya miaka 17 nje, na tangu hapo Jumapili yoyote pale Gusii Stadium utasikia mtu akisema fulani yuko form, fulani amepoteza form. Tore Bobe. Twende.

Halafu kuna ya kwetu, ile iliyokuudhi. Form ni gani? Hiyo ni salamu na ni swali kwa pamoja. Niko na form, maana yake nimeona mahali pa kupata mia tatu kabla ya giza. Hakuna form, maana yake usiku utakuwa mrefu. Form imekubali. Form imekataa. Leta form, yaani sema wazo lako, tuko tayari kulisikia hata kama ni la kijinga. Ukiwapata vijana wamesimama kwa steji pale Kebirigo wakiulizana form, usidhani wanaulizana pati iko wapi. Wakati mwingine ni pati, sitakudanganya. Lakini mara nyingi wanaulizana ni shamba la nani linachunwa majani chai kesho, ni nani anajenga na anahitaji watu wa kubeba mawe, ni lori gani linapakia ndizi Daraja Mbili na dereva ni wa aina gani, analipa papo hapo au anasema rudi Ijumaa.

Najua utasema: si kuna neno mpango? Kuna. Lakini mpango na form si kitu kimoja, mwalimu, na wewe uliyefundisha lugha ungesikia tofauti. Mpango unazinduliwa. Mpango una waziri, una mkasi na utepe, una bajeti na fulana. Mpango ni wa miaka mitano. (Kuna pia mpango wa kando, lakini hiyo ni mada ya matanga mengine.) Form haizinduliwi na mtu yeyote. Form ni ya leo. Ni kile kilichobaki mkononi mwa mtu baada ya mipango yote ya watu wengine kumpita. Mtu anayesema ana mpango anakuambia anajua kesho itakuwaje. Sisi tukisema tuna form tunakuambia tu kwamba leo kuna kitu tutajaribu. Mimi naona hilo ni neno la watu wakweli kuliko mpango.

Sasa uliuliza kama tumewahi kuiona hiyo form. Tumeiona. Tumeiona sana. Iko na mistari na visanduku na chini imeandikwa "For official use only". Hii ndiyo sababu ya hasira yangu, na nitaenda polepole.

Mtoto wa kwetu akipita mtihani hapewi shule, anapewa fomu. Kuna fomu ya basari ya NG-CDF, kuna ya kaunti, kuna ya ofisi ya mwakilishi wa wanawake, kuna ya wakfu wa benki. Kila moja inataka kujua yale yale. Baba yuko hai? Kama hayuko, cheti cha kifo kiko wapi? Mama anafanya kazi gani? Mko wangapi? Shamba ekari ngapi? Kila moja inataka kopi ya kitambulisho cha mzazi, kopi ya ripoti, muundo wa karo kutoka shuleni, sahihi ya mkuu wa shule, muhuri wa chifu, na nyingine zinataka pasta athibitishe kwamba kweli wewe ni maskini, kana kwamba umaskini ni sakramenti. Ukimaliza kujaza nne umeandika umaskini wako mara nne, na mikono minne tofauti imeupigia muhuri, na bado hakuna shilingi imetoka.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Watu wakiniuliza huwa nasema karo, na ni kweli, lakini karo ni neno kubwa mno. Kilichoniondoa chuoni ni muhuri. Mkopo ulikuwa umelipa sehemu, mama alikuwa ameuza ndizi na majani chai akalipa sehemu, na kulikuwa na pengo ambalo basari moja ingeliziba. Fomu ilikuwa ya kurudishwa Ijumaa. Nilisafiri nikafika nyumbani Jumatano usiku. Alhamisi chifu hayupo, ameenda kwenye mkutano. Ijumaa asubuhi chifu hayupo, ameenda matangani, na muhuri uko kwa mkoba wake, na mkoba ameenda nao. Naibu wake alikuwepo, mtu mzuri, akanipa kiti na akaniambia, "Mura, mimi naweza kukuandikia barua, lakini hao hawataki barua, wanataka muhuri." Mama alikuwa na mimi. Akamsihi: "Tata, si unatujua? Si unajua nyumba yetu?" Akajibu kwamba anaijua vizuri sana, na hapo ndipo shida ilipokuwa, kwamba anatujua lakini hawezi kutujua kwa wino.

Tulimfuata chifu mpaka kwenye hayo matanga, kwa pikipiki, watu watatu. Tulimpata saa tisa. Akapiga muhuri juu ya goti lake, bila kusoma. Saa kumi na moja kasoro ofisi ya basari ilikuwa imefungwa, na Jumatatu walituambia majina yalishaenda.

Simlaumu chifu. Alikuwa anazika mtu. Simlaumu naibu pia. Namlaumu aliyetengeneza mlango ambao kitasa chake kiko ndani ya mkoba wa mtu mmoja.

Bila kumaliza karo hukupewa kadi ya mtihani, na bila kadi hukufanya mtihani. Nilipoenda kuwaambia chuoni kwamba naondoka kwa muda, mama mmoja dirishani akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba siwezi kuondoka hivi hivi, kuna fomu ya kuahirisha masomo. Inataka sahihi tano. Niliichukua. Ninayo mpaka leo, iko safi, haina hata jina. Kwa hiyo kwenye rekodi zao sijui mimi ni nani. Sikuhitimu, sikuahirisha, sikufukuzwa. Nilikataa tu kujaza.

Tangu hapo nimeishi kwa form, mwalimu, ile yako ya kuchekwa. Ya kwanza nilionyeshwa na rafiki: kuandika insha za wanafunzi wa Marekani, wao wanalipa dola, wewe unaandika usiku kwa sababu kwao ni mchana. Kuna mtu huko ana digrii ya uuguzi ambayo karibu nusu yake niliiandika mimi nikiwa chumba kimoja Mwembe, nikitumia stima ya jirani. Sijivunii. Nakuambia ili usifikiri nakuja hapa nikiwa msafi. Zipo form chafu, na vijana wamefungwa kwa sababu yazo, na wazazi wamepoteza shamba kwa form ya kwenda Qatar au Canada iliyoishia Nairobi. Neno letu lina damu mikononi kama maneno mengine. Lakini mimi niliyezuiwa kufanya mtihani wangu kwa sababu ya muhuri nilikuwa nalipwa kufanya mitihani ya wengine, na hakuna aliyetaka chifu wangu athibitishe chochote.

Serikali nayo haijanisahau. Kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni natakiwa kuingia kwenye tovuti ya KRA kujaza fomu ya kusema sikupata kitu. Nisipoijaza, kuna faini ya shilingi 2,000. Soma tena, msomaji. Unatozwa 2,000 kwa kukosa kueleza kwamba huna. Pale Kisii mjini msimu huo ukifika saiba zinajaa vijana waliopanga foleni, kila mtu na shilingi zake chache za kulipa anayebonyeza, ili wakajulikane rasmi kwamba hawana. Hawa ndio mzee anasema hawajawahi kuiona form.

Kuna fomu zinazotazamwa kwa makini, lakini. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, na aliyekuwa ameketi katikati ni Jaji Mkuu David Maraga, mtoto wa Nyamira. Nakumbuka jinsi watu walivyopiga kelele huku kwetu, hata wale waliompigia kura aliyefutwa walikuwa na fahari kidogo ya pembeni. Na kesi ile, ukiondoa Kilatini chake, sehemu kubwa ilikuwa kesi ya fomu. Fomu 34A, fomu 34B, fomu 34C. Zilifika lini, zilitumwa vipi, mbona nyingine hazina alama za usalama, mbona hii haina sahihi. Mawakili wakubwa wa nchi hii walishinda siku nyingi wakisoma karatasi moja baada ya nyingine, na mwishowe mahakama ikasema: kama mchakato una kasoro, turudie kazi.

Hilo lilikuwa jambo jema, na bado najivunia. Lakini angalia. Fomu ya mkubwa ikikosa sahihi, taifa zima linasimama, na uchaguzi unarudiwa ndani ya siku 60. Fomu ya mtoto wa mchuna majani chai ikikosa muhuri, ni yeye anarudi nyumbani. Hakuna anayeuliza kama mchakato ulikuwa na kasoro.

Majirani zetu wana msemo ambao unafungua macho zaidi. Tanzania mwanasiasa hatangazi nia tu, anachukua fomu. Magazeti yanaandika hivyo: fulani achukua fomu. Na fomu ikawa mahali pa kumkatia mtu njia. Mwaka 2019, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa madai kwamba walijaza vibaya, na CHADEMA ikasusia. Hawakushindwa kwa kura. Walishindwa kwenye visanduku. Mtu anayesema fomu ni karatasi tu hajawahi kunyimwa kitu nayo.

Sasa hoja yangu, na naisema wazi ili unipinge wazi: fomu za basari zifutwe. Zisiboreshwe, zisipelekwe mtandaoni, zifutwe. Serikali inajua kila mwanafunzi wa sekondari ya umma yuko shule gani, imewasajili yenyewe na kuwapa namba. Ilishakubali kwamba kila mmoja anastahili shilingi 22,244 kwa mwaka. Halafu Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi akawaambia wabunge kwamba pesa hizo zote haiwezi kuzimudu. Sawa, tuseme haziko. Lakini wakati huo huo pesa za basari ziko, zimegawanywa katika mifuko ya watu tofauti, na kila mfuko una fomu yake, na kila fomu ina siku yake ya hundi. Umeiona ile hundi ya maonyesho, kubwa kama mlango, mbunge ameishika upande mmoja na watoto wamepangwa upande mwingine kwenye jua. Katiba ya 2010 haikuzipa kaunti kazi ya sekondari wala vyuo vikuu. Ilizipa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Hiyo NG-CDF yenyewe, Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria yake inakwenda kinyume na Katiba. Wanasheria wataendelea kubishana. Mimi najua tu kwamba hakuna anayeachia mfuko huo kwa hiari, na sababu haihitaji wakili. Pesa ikienda moja kwa moja shuleni, hakuna wa kushukuriwa. Ikipitia kwenye fomu, ile haki inageuka fadhila, na mama anaikumbuka fadhila siku ya kura.

Kuna watakaosema fomu inasaidia kuwapata wenye shida kweli, maana matajiri nao wataomba. Wanaomba tayari. Tajiri ana namba ya simu ya chifu. Anayeshindwa na fomu ni yule yule ambaye fomu iliandikwa kwa ajili yake: asiye na nauli ya kwenda mara tatu, asiye na cheti cha kifo kwa sababu baba aliondoka na hakufa, mama asiyejua kusoma anayeona haya kumwomba mtoto wa jirani amjazie siri za nyumba yake. Ukitaka kuwachuja watu kwa uvumilivu wa kutembea, fomu ni chujio zuri sana.

Kwa hivyo, mwalimu, nikikusikia ukisema tumeharibu neno, naomba urudi nyuma kidogo. Sisi hatukuliokota barabarani. Tuliketi juu yake tukiwa wadogo. Tukapandishwa nalo, One, Two, Three, Four. Tukaambiwa tukilijaza vizuri tutafika. Tulipomaliza kujaza tukakuta ofisi imefungwa, na neno likabaki kinywani. Tulifanya nini nalo? Tulilitumia kuulizana kama kuna njia nyingine. Ulitaka tulirudishe?

Kuna kitu kimoja ulisema baadaye ambacho watu hawakucheka, na sijakisahau. Ulisema wakati wako mtu akimaliza Form Four alikuwa anapata kazi ya ualimu wiki hiyo hiyo, na kwamba hujui sisi tumekosea wapi. Uliuliza kweli, sauti yako ilishuka. Ningependa tuketi tuongee hilo siku moja, mbali na maikrofoni.

Leo nimekuja nyumbani kwa sababu ya dadangu. Kuna fomu ya muhula ujao, ya kurudishwa Alhamisi, na safari hii nimempigia chifu siku tatu mapema nikamuuliza kama kuna matanga. Akacheka, akasema kuna mawili. Tumekubaliana nimpate Jumanne asubuhi kabla hajatoka.

Dadangu anajaza kwa mwandiko wake mzuri, herufi kubwa kama walivyoagiza. Kwenye kazi ya mzazi ameandika "peasant", kwa sababu ndivyo mwalimu wa darasa aliwaambia, kwamba hao wa ofisini hilo ndilo neno wanaelewa. Mama anauliza maana yake ni nini. Tumemwambia ni mkulima. Ukurasa wa pili kuna sehemu ya ndugu: jina, umri, shule au kazi. Ameandika jina langu na umri, akasimamisha kalamu. "Nikuweke nini hapa?"

Nimemwambia apite kwanza, aruke hicho kisanduku, nitamwambia kabla ya Jumanne.